Makaburi ya Thomas Jefferson na ukoo wake: nani yumo ndani ya uzio, nani yuko nje?

#1 – Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Naomba tujadili makaburi ya Monticello, shamba la mlimani katika jimbo la Virginia nchini Marekani, alikoishi na kuzikwa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru na rais wa 3 wa taifa hilo. Hoja yangu ni moja: anayetaka kujua mtu huyu aliacha urithi gani asianzie kwenye sanamu na noti zenye picha yake, bali aanzie kwenye swali la nani aliruhusiwa kuzikwa karibu naye na nani alizuiwa.

Jefferson alifariki dunia tarehe 4 Julai 1826 akiwa na umri wa miaka 83, siku ambayo Azimio lenyewe lilikuwa linatimiza miaka 50. John Adams, rais wa 2, naye alikata roho siku hiyo hiyo huko Quincy, Massachusetts. Mazishi ya Jefferson yalifanyika kesho yake, nyumbani kwake, bila gwaride na bila mbwembwe. Jeneza lilitengenezwa na John Hemmings, fundi seremala hodari aliyekuwa ametengeneza samani nyingi za nyumba ile, na kaburi lilichimbwa na Wormley Hughes, mtunza bustani. Wote wawili walikuwa watumwa wake. Tena hawakuwa watu baki: John alikuwa kaka yake Sally Hemings, mtumwa ambaye watoto wake wanasemwa kuwa wa Jefferson, kwa upande wa mama, na Wormley alikuwa mtoto wa dada yake Sally. Naomba majina hayo myaweke akilini, kwa sababu nitayarudia.

Eneo la makaburi lilianza mwaka 1773. Masimulizi ya ukoo yanaeleza kwamba Jefferson na rafiki yake Dabney Carr, walipokuwa vijana wakienda kusoma chini ya mwaloni mmoja kwenye mteremko wa mlima huo, waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa atazikwa na mwenzake chini ya mti ule. Carr baadaye alimwoa Martha, dada yake Jefferson, wakawa mashemeji, na alipofariki Mei 1773, akiwa bado hajafikisha miaka 30, alizikwa kwanza Shadwell, shamba alikozaliwa Jefferson, kwa kuwa Jefferson alikuwa safarini. Jefferson aliporudi aliagiza mwili uhamishiwe Monticello ili ahadi itimie. Baada ya Carr alifuata mama yake Jefferson mwaka 1776, kisha mkewe, Martha Wayles Jefferson, aliyefariki tarehe 6 Septemba 1782. Jiwe la mkewe linasema kwamba kifo kilimnyakua kutoka kwa mumewe, na chini yake Jefferson aliweka mistari ya Kigiriki cha kale, labda kwa sababu hakutaka kila mpita njia asome huzuni yake.

Kuhusu kaburi lake mwenyewe aliacha maelekezo kamili: kitako cha mraba chenye futi 3 kila upande, juu yake mnara wa jiwe wenye ncha, urefu futi 6, bila nakshi yoyote. Aliagiza jiwe liwe la kawaida, lisilosuguliwa, ili baadaye asitokee mtu wa kutamani kulivunja kwa thamani yake. Maandishi nayo aliyatunga yeye, na yanataja mambo matatu tu: kwamba aliandika Azimio la Uhuru, kwamba aliandika sheria ya Virginia ya uhuru wa dini, na kwamba ni baba wa Chuo Kikuu cha Virginia. Akaongeza kuwa lisiongezwe neno hata moja. Urais wa mihula miwili haumo, ubalozi wa Ufaransa haumo, na hata ununuzi wa Louisiana wa mwaka 1803, uliokaribia kuongeza eneo la nchi maradufu, haumo. Wengi husema huo ni unyenyekevu. Mimi naona ni mtu aliyejua kuchagua nini kisomwe na nini kisisomwe.

Karibuni kwa hoja.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa mada. Nina maswali mawili. Kwanza, nimewahi kuona picha ya kaburi la Jefferson ikielezwa kuwa ipo katika chuo kikuu kimoja huko Missouri. Je, mwili ulihamishwa? Pili, kwa nini taifa halikumzika mji mkuu, mtu wa hadhi ile?

#3 – Mleta mada

Ndugu yangu, mwili haujawahi kuhamishwa. Kilichohama ni jiwe.

Jiwe la kwanza lilisimamishwa mwaka 1833, na halikuchukua muda likaanza kuliwa na wageni, ambao walikuwa wakipanda mlimani na nyundo mifukoni, wanamega kipande cha kwenda nacho nyumbani kama kumbukumbu. Hapo ndipo hesabu ya Jefferson ilipomponyoka. Aliwaza juu ya mwizi wa mawe, akachagua jiwe lisilo na bei sokoni, lakini hakuwaza kwamba jina lake ndilo litakalolipa jiwe lile bei. Kufikia miaka ya 1880 kingo zake zilikuwa zimeliwa kabisa. Mwaka 1882 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 10,000 kwa ajili ya mnara mpya, mkubwa kuliko wa kwanza, na huo ndio mgeni anaouona leo ndani ya uzio wa chuma. Una maneno yale yale, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya 2 Aprili 1743, ambayo ni ya kalenda ya zamani. Kwa kalenda ya sasa tunasema 13 Aprili.

Jiwe la zamani liliombwa na Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko mjini Columbia, wazao wakakubali kukipa mwaka 1883, na likazinduliwa huko tarehe 4 Julai 1885. Hoja ya chuo ilikuwa kwamba ndicho chuo kikuu cha kwanza cha jimbo kuanzishwa katika ardhi iliyotokana na ununuzi wa Louisiana. Kwa maneno mengine, jambo ambalo Jefferson aliliacha nje ya maandishi yake ndilo lililosafirisha jiwe lake hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Kibao cha marumaru chenye maandishi ya awali nacho kilikwenda huko.

Kuhusu mji mkuu, mfano mzuri ni wa George Washington. Mwaka 1832, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, Bunge lilitaka mwili wake uzikwe chini ya jengo la Bunge, ambako palikuwa na chumba kilichotengwa kwa kazi hiyo. Familia ilikataa kwa kuwa wosia wake ulitaka azikwe shambani kwake Mount Vernon, na chumba kile hadi leo hakina mtu. Waasisi wale kutoka Virginia walijiona kwanza kuwa wenye mashamba, na mwenye shamba huzikwa shambani kwake.

#4 – Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, naomba niongezee upande wa mirathi, kwa sababu bila huo suala la makaburi halieleweki.

Jefferson alikufa akidaiwa zaidi ya dola 107,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Msimamizi wa mirathi, mjukuu wake Thomas Jefferson Randolph, alitangaza mnada, na Januari 1827 watu 130 waliuzwa pale Monticello pamoja na mifugo, samani na zana za shamba. Katika wosia Jefferson aliwapa uhuru watumwa watano tu, wote wanaume wa ukoo wa Hemings: Burwell Colbert, John Hemmings, Joe Fossett, Madison na Eston. Joe Fossett alikuwa mhunzi. Kwa mujibu wa wosia uhuru wake ulikuwa uanze mwaka mmoja baada ya kifo, na kabla mwaka huo haujaisha alishuhudia mkewe Edith, aliyekuwa mpishi wa Jefferson tangu enzi za urais, akinadiwa na watoto wao wakigawanywa kwa wanunuzi mbalimbali. Mmoja wa watoto hao, Peter, alikuwa na umri wa miaka 11. Baadaye alikuja kuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti huko Cincinnati, na mwaka 1900, akiwa mzee, alirudi kuitazama Monticello.

Nyumba iliuzwa mwaka 1831 kwa James Barclay, kisha mwaka 1834 ikanunuliwa na Uriah Levy, ofisa Myahudi wa jeshi la majini aliyemheshimu Jefferson kwa kutetea uhuru wa dini. Mama yake Levy, Rachel, alifariki mwaka 1839 na kaburi lake lipo karibu na nyumba. Ukoo wa Levy uliitunza nyumba hiyo, ukitoa miaka ya vita na ya kesi za mirathi, hadi mwaka 1923 ilipouzwa kwa taasisi ya kumbukumbu ya Jefferson. Katika mauzo yote hayo makaburi ya akina Jefferson hayakuuzwa. Yalibaki mali ya wazao. Wale wenzangu ambao makaburi ya babu zetu yapo shambani tunalielewa hilo bila mwalimu: shamba linaweza kubadili mwenyewe mara tatu, lakini anayekuja kufyeka makaburini ni wa ukoo.

#5 – Mchangiaji wa tatu

Naona mleta mada anatupeleka taratibu kwenye hadithi ya Sally Hemings. Naomba tuwe waangalifu. Ninavyofahamu, uchunguzi wa vinasaba haukuthibitisha kwamba Thomas Jefferson mwenyewe ndiye baba. Ulithibitisha tu kwamba ni mwanamume wa ukoo wa Jefferson. Alikuwa na mdogo wake, Randolph, ambaye hakuishi mbali. Je, si haki kumpa marehemu nafasi ya kutohukumiwa kwa kubahatisha?

#6 – Mleta mada

Tahadhari yako ni ya msingi, ndugu, na kuhusu kipimo chenyewe umesema sahihi. Tukiweke mahali pake.

Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Kati ya watoto sita aliozaa na mkewe, ni mabinti wawili tu, Martha na Maria, waliofikia utu uzima, na mvulana pekee aliishi wiki chache mwaka 1777. Kwa hiyo watafiti walichukua kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, kutoka kwa wazao wa kiume wa Field Jefferson, ambaye ni baba mkubwa wa rais, wakailinganisha na ya mzao wa Eston Hemings. Matokeo yalitoka mwaka 1998, na zilifanana. Ni kweli kwamba kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumtenganisha Thomas na Randolph.

Lakini kipimo kilifanya na jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Kwa zaidi ya karne nzima wajukuu wa Jefferson walikuwa wakisema kwamba baba wa watoto wa Sally ni mmoja wa ndugu wawili, Peter au Samuel Carr. Vinasaba vya ukoo wa Carr havikufanana hata kidogo. Sasa hao Peter na Samuel ni nani? Ni watoto wa Dabney Carr, yule wa chini ya mwaloni, mtu wa kwanza kuzikwa katika makaburi hayo. Ukoo ulimwondolea babu yake lawama kwa kuwatwika wana wa rafiki yake mkubwa. Randolph alianza kutajwa kwa nguvu baada ya utetezi wa akina Carr kuanguka, na huko nyuma karibu hakuna aliyekuwa akimtaja.

Ongeza na kumbukumbu za maandishi. Jefferson, aliyekuwa akisafiri sana, alikuwepo Monticello katika kipindi cha kutunga mimba ya kila mtoto wa Sally. Watoto wanne waliokua, yaani Beverly, Harriet, Madison na Eston, wote walipata uhuru, wengine kwa kuachwa waondoke mwaka 1822 na wengine kwa wosia, jambo ambalo halikutokea kwa familia nyingine yoyote ya watumwa wake. Madison alieleza hadharani mwaka 1873, katika gazeti moja la Ohio, kwamba baba yao ni Jefferson. Taasisi inayomiliki Monticello ilitoa ripoti yake mwaka 2000 ikikubali kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa yeye ndiye baba, na siku hizi inalieleza jambo hilo kama limekwisha. Mimi nakubaliana nayo.

Na tusisahau kwamba Sally hakuwa mgeni kwa mke wa Jefferson. John Wayles, baba yake Martha, ndiye aliyemzaa pia Sally kwa mtumwa wake, Elizabeth Hemings. Sally alikuwa mdogo wake Martha wa baba mmoja. Martha ana jiwe lenye Kigiriki. Sally alifariki mwaka 1835, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Watoto wake walitawanyika. Beverly na Harriet waliingia katika jamii ya wazungu, na makaburi yao hayajulikani. Madison alihamia Ohio, akabaki miongoni mwa watu weusi. Eston alikaa Ohio, kisha mwaka 1852 akahamia Madison, Wisconsin, ambako alijiita Eston Hemings Jefferson na kuishi kama mzungu. Amezikwa huko, katika makaburi ya Forest Hill. Mwanawe aliitwa John Wayles Jefferson, akawa kanali wa kikosi cha 8 cha Wisconsin upande wa Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na yeye pia kaburi lake lipo Forest Hill. Jina John Wayles lilikuwa linatamka ukoo mzima waziwazi kwa yeyote mwenye masikio. Na kwa kuwa mabinti wa ndoa walizaa akina Randolph na akina Eppes, yaani watoto wenye majina ya waume zao, walioendelea kubeba jina la Jefferson kwa damu yake ni hawa wa Wisconsin, ambao walikuwa wakificha nusu ya asili yao.

#7 – Mchangiaji wa kwanza

Nimeelimika. Hata hivyo, mkuu, makaburi ya Monticello ni mali binafsi. Kama wenye mali wamekaa kikao na kuamua, sisi tuna lipi la kusema? Hata kwetu ukoo ndio unaoamua nani azikwe wapi.

#8 – Mleta mada

Kisheria huna kosa. Makaburi yanamilikiwa na chama cha wazao wa Martha na Maria, kilichoundwa mwaka 1913. Baada ya matokeo ya vinasaba, mmoja wa wanachama aliwaalika wazao wa Hemings kwenye mkutano wa mwaka 1999 kama wageni, mjadala ukaendelea kwa miaka mitatu, na Mei 2002 wanachama wakapiga kura 74 dhidi ya 6 kukataa kuwapa uanachama. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ushahidi hautoshi.

Ninachokihoji ni kipimo kilichotumika. Walio ndani ya uzio waliingia kwa karatasi za ndoa na kumbukumbu za familia, bila yeyote kuombwa damu. Walio nje walitakiwa walete ushahidi wa maabara ambao, kama ndugu wa post namba 5 alivyosema, kwa namna ulivyo hauwezi kufika mwisho. Ukoo wa Madison Hemings ulikuwa na njia moja tu ya kupimwa: mwanawe William, aliyekuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, amezikwa katika makaburi ya wanajeshi ya Leavenworth, Kansas. Waliombwa ruhusa ya kufukua mifupa, wakakataa. Nawaelewa. Walikuwa na simulizi la babu yao wenyewe, na hawakuona sababu ya kumsumbua marehemu wao ili kuwaridhisha wengine.

Tena si kwamba wazao wa ndoa wote wamerudi Monticello. Francis Eppes, mtoto wa Maria, alirithi shamba la Poplar Forest, akaliuza mwaka 1828, akahamia Florida, na kaburi lake lipo Orlando. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na nafasi akaiacha.

#9 – Mchangiaji wa pili

Mleta mada, hujagusa makaburi ya watumwa wenyewe. Katika uhai wa Jefferson watu wapatao 400 waliishi utumwani pale Monticello. Walizikwa wapi?

#10 – Mleta mada

Swali zuri, na jibu lake ni fupi kuliko inavyopaswa. Eneo moja limethibitishwa. Lipo chini ya mlima, kando ya maegesho ya magari ya wageni, kwenye kijisitu ambacho watu walikuwa wakikipita kwa miaka bila kuambiwa ni kitu gani. Mwaka 2001 wataalamu wa akiolojia walichunguza udongo wa juu, bila kufukua mifupa, wakabaini makaburi yasiyopungua 40, mengine ya watoto. Baadhi yana mawe ya kawaida ya shambani, upande wa kichwa na wa miguu, yasiyo na herufi yoyote. Hakuna hata mmoja aliyelala pale ambaye jina lake limetambuliwa. Kuna mamia ya wengine ambao mahali walipozikwa hapajapatikana.

Taasisi ya Monticello imefanya kazi ya maana kuziba pengo hilo. Tangu mwaka 1993 ina mradi wa kukusanya masimulizi ya wazao wa watumwa, na mwaka 2018 ilifungua chumba cha maonyesho kinachosimulia maisha ya Sally Hemings. Lakini taasisi hiyo haina mamlaka juu ya makaburi ya juu mlimani. Mgeni anayelipa kiingilio huoneshwa nyumba yote, kisha akifika kwenye makaburi anakuta lango la chuma limefungwa na kuangalia kupitia nondo. Kule kwenye maegesho anaingia bila kuuliza mtu.

Jambo la mwisho, maana linasahaulika katika mjadala huu: makaburi ya juu bado yanatumika. Wazao wanaotambuliwa na chama wanaendelea kuzikwa humo hadi leo. Kura ya mwaka 2002 haikuwa ya kumbukumbu peke yake, ilihusu pia viwanja halisi vya kuzikia watu walio hai sasa. Kwa hiyo mzao wa mwanamume aliyeagiza kaburi atapata nafasi, ila mzao wa aliyelichimba, au wa aliyelipigilia misumari jeneza lake, itabidi atafute pengine. Kama kuna mwanajukwaa anayefahamu kikao cha chama hicho kilicholirudia suala hili baada ya mwaka huo, atuwekee hapa tuendelee.